Maneno Niliyompunguzia Mama Mkwe

Daktari alizungumza kwa muda wa kutosha mtu kumaliza kikombe cha chai, nami nikayageuza maneno yake yote kuwa sentensi mbili. Naanzia hapo. Watu wa nyumbani kwangu wakisimulia habari hii huanzia kwenye ugonjwa, na ugonjwa hauna kosa. Ulikuja kama magonjwa yajavyo. Kosa lilikuwa mdomoni mwangu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la kumi, na siku zile hilo lilitosha kumfanya mtu atembee kifua mbele kutoka stesheni mpaka sokoni. Nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali moja pale Dodoma. Kazi yangu ilikuwa kutoboa vidole vya watu, kufyonza tone la damu kwa mrija mwembamba, kulichanganya na maji ya dawa, kisha kuliweka kwenye kioo chenye miraba midogo na kulitazama kwa hadubini. Unahesabu chembe nyeupe za damu zilizomo ndani ya miraba, unazidisha, unaandika daftarini. Kazi hiyo haina ujanja. Inataka mtu asiyedanganya, basi.

Mgonjwa alikuwa mama mzazi wa mke wangu. Alikaa upande wa Ihumwa, karibu na reli, katika tembe ya udongo aliyoachiwa na marehemu mumewe. Hakuwa mzee. Alilima uwele wake mwenyewe, na ulimi wake ulikuwa mkali kiasi kwamba hata wachunga ng'ombe walikuwa wakizungusha mifugo mbali na shamba lake.

Kwetu siku zile mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni. Mkikutana njiani, mmoja anatoka njiani na kugeuka. Humshiki mkono, huli naye, na mbele yake hutaji jambo lolote la mwili: si tumbo, si damu, si ugonjwa wa kike. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Lakini wazee waliotunga desturi hiyo hawakuwa wajinga kama nilivyokuwa nikidhani, maana waliiwekea mlango. Katika ukoo wa mke wangu, mkwe alipeleka mbuzi, wazee wakakaa, nyama ikaliwa, mama mkwe akanyoosha mkono ukashikwa mbele ya watu, na tangu siku hiyo mlizungumza kama binadamu.

Nilikuwa nimeoa miaka sita na mbuzi sikupeleka. Si kwamba mbuzi alinishinda. Niliona aibu kukaa chini na wazee wenye vidole vya mafuta ili nipewe ruhusa ya kumtazama mwanamke. Niliyaita mambo ya kishenzi, neno nililofundishwa shuleni na kulipenda. Hata hivyo, kumkwepa mama mkwe sikuacha. Ile nusu ya desturi iliyoniletea sifa bila kunitaka chochote niliishika vizuri sana. Nusu iliyonitaka niiname niliikataa kwa jina la elimu. Nimekutana na wasomi wengi wa namna hiyo baadaye, na kila nikimwona mmoja hasira inanipanda, kwa sababu namtambua.

Basi aliletwa hospitali akiwa amekonda, anatokwa jasho la baridi, na bandama imevimba mpaka kitovuni. Damu yake ilipoachwa itulie kwenye bomba la kioo ilifanya utando mnene, mweupe kama uji. Daktari, Mwingereza mrefu asiyekuwa na maneno ya mchezo, akasema ni saratani ya damu. Akaagiza vidonge vipya kutoka Uingereza. Vilifika kwa gari moshi kutoka Dar es Salaam, ndani ya kiboksi kidogo chenye karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi. Karatasi hiyo niliisoma mimi, kwa kuwa nilipenda kusoma Kiingereza, kisha nikaiweka kwenye droo yangu.

Siku ya kumpa dawa, mama mkwe alikaa nyuma ya pazia pamoja na nesi. Mimi nilisimama upande huu nimetazama ukuta. Daktari akaniambia kwa Kiingereza:

"Mwambie dawa hii ni kali. Inaua chembe mbaya, lakini ikiachwa bila kuangaliwa itaua na nzuri. Fizi zikitoka damu, aache vidonge siku hiyo hiyo na aje. Madoa madogo mekundu yakitokea ngozini bila kujigonga, aache na aje. Akitokwa na damu ya mwezi kupita kawaida, aache na aje. Vivyo hivyo homa, au kikohozi kikavu kisichokwisha. Ngozi yake huenda ikawa nyeusi zaidi. Na kila wiki mbili damu ihesabiwe, bila kukosa, kwa sababu chembe zikishaanza kushuka hazisimami siku unayoacha dawa. Ni kama gari moshi la mizigo, linafungwa breki huku linasimama kule."

Fizi, ngozi, damu ya mwezi, na anayeambiwa ni mama wa mke wangu.

"Mama," nikasema kwa Kigogo, nikiuambia ukuta, "daktari anasema unywe vidonge hivi kila siku, usiache hata siku moja. Utapona."

Hilo la "usiache hata siku moja" daktari hakulisema. Nililiongeza mwenyewe. Tulikuwa tukiwaambia hivyo wagonjwa wa kifua kikuu na wa ukoma, likatoka tu. Alitakiwa kujua siku ya kuacha, mimi nikamwambia asiache.

Nyuma ya pazia nikasikia kiboksi cha vidonge kikitikiswa.

"Ni hayo tu?" akauliza.

"Ni hayo tu, mama."

"Kumbe Kizungu ni lugha ndefu," akasema, na nesi akacheka.

Daktari naye nina neno naye mpaka leo. Aliona maneno yake marefu yakitoka upande wa pili yakiwa mafupi kama mkia wa mbuzi, asiulize. Alikuwa ameishi nchini miaka mingi. Alijua kumwagiza mpishi mchuzi anaoutaka na kumgombeza mtunza bustani, lakini hakuwahi kujifunza kumwambia mgonjwa kwamba dawa hii inaweza kukuua. Hilo alituachia sisi, kisha akatia sahihi.

Dawa ilifanya kazi. Baada ya majuma kadhaa jasho lilikwisha, bandama ikarudi chini ya mbavu, akaanza kula ugali na mlenda kama zamani. Kila wiki mbili alikuja na binti yake, na aliyemtoboa kidole ni mwenzangu wa maabara, mtu wa Tabora, ambaye hakuwa na mkwe Ugogoni. Mimi siku hizo nilipitia mlango wa nyuma.

"Wewe bwana," mwenzangu aliniambia akifuta mrija, "una hofu na kidole cha mama wa watu kuliko mimi ninavyomhofu simba."

"Ni heshima."

"Heshima gani ya kujificha stoo? Peleka mbuzi, wewe. Nitakusaidia kumla."

Chembe zilikuwa zikishuka vizuri. Daktari alikuwa ameandika juu ya ukurasa, kwa wino mwekundu, namba ambayo zikiifikia dawa isimamishwe. Zilikuwa bado juu yake. Ndipo mwenzangu akahamishiwa Singida, na mtu wa kushika nafasi yake hakuletwa.

Siku ya zamu iliyofuata mama mkwe alikaa kwenye benchi la baraza, amejifunika kaniki mpaka kichwani, ametazama ukuta ili mimi nisipate taabu. Nilimwomba nesi amtoe damu ya mkononi aniletee. Akaitoa, akaiweka kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, akaenda kwanza kufunga kidonda cha mtu mwingine. Iliponifikia ilikuwa pande moja la damu. Haihesabiki.

Njia zilikuwa wazi mbele yangu. Ningetoka barazani nikatoboa kile kidole. Ningemwomba nesi arudie. Ningemwambia daktari. Badala yake nilifungua daftari, nikatazama namba za majuma yaliyopita zilivyokuwa zikiteremka, nikaandika namba inayofanana na zilizotangulia, juu kidogo ya ule wino mwekundu. Niliiandika kwa mwandiko mzuri. Daktari akatia sahihi bila kuinua macho.

Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi, kama uongo unavyokuwa. Nilimwambia mke wangu, "Mama asijisumbue na safari ndefu hivi. Mpelekee vidonge. Akiwa mzima, damu tutapima baadaye." Nikaandika namba nyingine. Na ya tatu.

Nilisifiwa. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Kule Ihumwa walisema, huyu ndiye mkwe, amesoma na bado ana adabu, anamtumia mama mkwe dawa mpaka nyumbani, na mguu wake haukanyagi karibu na kivuli chake. Shangazi wa mke wangu alinitolea mfano mbele ya mkwe mwingine, kijana wa watu, ambaye kosa lake lilikuwa kumbeba mama mkwe mgongoni wakati korongo limejaa maji. Walimcheka mwaka mzima. Yule kijana alikuwa na akili kuliko mimi, na hakuwahi kushika kitabu.

Siku moja mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake, akatua kikapu.

"Mama amekuwa mweusi," akasema.

"Jua."

"Jua gani linaingia viganjani?"

"Si analima?"

"Baba watoto, viganja hutazama jembe. Havitazami jua." Akatoa mboga kikapuni. "Na anakohoa."

"Vumbi la reli."

Akafungua mdomo kama mwenye neno jingine, akaufunga, akaenda kuchambua mboga. Sikumuuliza. Nilijua kwamba kama kuna neno ambalo binti hawezi kumwambia mumewe kuhusu mama yake, basi neno hilo linahusu mwili. Nami nilikuwa na karatasi yenye maneno yote hayo ndani ya droo.

Nafika sasa mahali ambapo sina mtu wa kumlaumu hata kwa robo. Wakati wa kiangazi nilikwenda Ihumwa kwenye maziko ya jirani. Nilipokuwa nikipita karibu na visima vya korongoni nikakutana naye anapanda na kibuyu cha maji. Alitoka njiani, akanipa mgongo, akavuta kaniki. Nami niliinamisha macho, kama ilivyotakiwa. Macho yaliyoinamishwa yanaona miguu. Kuanzia kwenye vifundo kwenda juu, mpaka nguo ilipoanzia, miguu yake ilikuwa na vidoa vidogo vidogo vyekundu vilivyoiva, kama mtu amemnyunyizia ulezi. Niliviona wazi. Nilijua ni nini. Vilikuwa kwenye ile karatasi, mstari wa tatu.

Nikajiambia ni miiba.

"Hamjambo huko mjini, mkwe?" akauliza, akiuambia mlima.

"Hatujambo, mama. Hali yako?"

"Nakunywa dawa. Siachi hata siku moja."

Nikapita. Juma lile lile nilimpa mke wangu vidonge vingine ampelekee.

Aliletwa asubuhi, juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne wakipokezana tangu kwao. Damu ilikuwa ikimtoka puani toka alfajiri ya siku iliyotangulia. Daktari akanitazama. "Hesabu," akasema, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mlango wa nyuma.

Nilipoingia alikuwa amelala amegeukia ukutani. Nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi na moto, mweusi kama chungu kilichozoea moto, na michubuko imeenea mpaka begani. Akaunyakua.

"Nani?"

"Ni mimi, mama."

"Toka. Mwite mwingine."

"Hakuna mwingine."

"Basi nifunike uso."

Nilimfunika uso kwa kaniki yake mwenyewe, nikatoboa kidole. Kwa kawaida kidole kinakupa tone moja kwa shida, halafu kinaziba. Kile hakikuziba. Nilikibana na pamba, pamba ikalowa. Nikabana na nyingine. Nikaenda kwenye hadubini, nikaweka kioo, nikatazama miraba. Mwanzoni miraba yake ilikuwa imejaa chembe kama soko siku ya mnada. Sasa nilihamia mraba ule, na ule, na ule, na sikuona kitu cha kuhesabu. Nilirudia tone jingine nikidhani nimekosea kuchanganya. Miraba mitupu.

Nilipeleka jibu pamoja na daftari, nikasema namba tatu za mwisho nilizitunga. Sijisifu kwa kusema. Mwenye macho angeziona mwenyewe, zilivyonyooka. Daktari hakupaza sauti. Aliuliza kwa nini. Nikamwambia habari ya mkwe, na macho, na kidole.

"Ningemtoboa mimi," akasema. "Kazi ya dakika moja. Ungeniambia tu, mpumbavu wewe, ningemtoboa mimi."

Hakunifukuza. Nilifikiri ni huruma, mpaka nilipokumbuka kwamba hakuwa na mtu mwingine wa maabara. Vidonge vilisimamishwa siku hiyo, lakini gari moshi lilikwisha pita. Aliongezewa damu ya watu wawili waliopatikana, nayo ikatoka ilikotoka ile nyingine.

Nilikuwa nikimtoboa kila siku. Siku ya tatu, uso ukiwa umefunikwa, aliniuliza.

"Ile siku ya kwanza. Mzungu alisema nini?"

"Alisema unywe dawa, mama."

"Usinifanye mtoto. Alisema maneno mengi. Wewe ukasema machache. Nilisikia."

Nikakaa kwenye kiti. Nikamtafsiria yote, kama yalivyokuwa, kwa Kigogo, yale yale ya fizi na ngozi na damu ya mwezi na siku ya kuacha. Sikuruka hata moja. Ilichukua muda wa kikombe cha chai. Nesi alikuwa akitandika kitanda cha pili, akaacha, akatoka.

"Fizi zilianza wakati wa kuvuna," akasema. "Nikasema, mkwe wangu amesema nisiache hata siku moja." Kaniki ilipanda na kushuka juu ya pua yake. "Ningeacha, wewe. Mimi ni mtu wa kuogopa dawa? Ningeacha, nikaja kwa miguu yangu."

Nilibana pamba nyingine kwenye kidole chake.

"Na umenishika kidole siku tatu bila mbuzi," akasema. "Wazee watasemaje?"

"Nitamleta, mama."

"Awe na mafuta. Nimekungoja miaka sita, usiniletee kitu cha mifupa."

Nilitoka pale kwenda mnadani kabla sijavua koti la kazi. Nilichagua beberu mweupe mwenye shingo nene, nikamfunga kamba, nikaanza naye safari ya kwenda kwa wazee wa Ihumwa ili waje wakae, mkono ushikwe kwa haki, hata kama ni kitandani. Jua lilikuwa kali na yule mnyama alikuwa mkaidi. Kila kichaka alitaka kuonja. Nilikuwa nimefika katikati ya njia aliponifikia mtu wa baiskeli, aliyetumwa na hospitali kwenda kwa ndugu. Aliteremka aliponiona. Akavua kofia.

Beberu alichinjwa siku ya maziko, kwa ajili ya waombolezaji. Mzee mmoja wa ukoo, mdomo una nyama, alisimama akawaambia vijana: "Mtazameni huyu. Miaka sita, hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni." Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigogo, sahani mapajani, na sikufungua mdomo. Ndiyo iliyokuwa mara yangu ya mwisho kumpunguzia maneno.

Tulipokuwa tukirudi mjini nilimweleza mke wangu yote, pazia, daftari, na miguu niliyoiona pale korongoni. Alitembea mbele yangu mwendo mrefu bila kugeuka.

"Niliona matandiko yake," akasema. "Nilikuwa nikiyafua mimi. Ningekwambiaje wewe?"

Kisha akasimama katikati ya njia, akanigeukia.

"Hilo neno heshima," akasema, "usilitamke tena ndani ya nyumba yangu."

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, tukalea watoto, tukaoza mabinti wawili. Sikulitamka. Kila mkwe aliyekuja kubisha, mke wangu alimkalisha mbele yake siku ya kwanza, akamwambia amtazame usoni, naye akanyoosha mkono. Mbuzi hakumdai.